Jagi la mezani: kisa cha mama lishe wa mwaloni wakati wa kipindupindu

Kisa hiki ni cha Desemba 2015, katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kupakulia samaki, wa jiji la Mwanza. Jina la mwalo naliacha, na la mwenye kibanda pia, kwa sababu bado yupo na bado anapika. Nitamwita Mayu, kama tulivyomwita wote pale. Kwa Kisukuma ni mama.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa. Nilipita nyumba kwa nyumba na mfuko wa vidonge vya kutibu maji, fomu na kalamu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikaa pembeni nikiwahukumu wenzangu. Tangazo la kufunga vibanda vya chakula, ambalo ndilo lililozaa kisa chote, nililisoma mimi, kwa kipaza sauti cha kuazima.

Mlipuko ulianzia Dar es Salaam Agosti mwaka ule, ukasambaa mkoa kwa mkoa hadi kutufikia sisi wa kandokando ya ziwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, watu wamesongamana viwanjani hadi kura za Oktoba 25, kisha vuli ikaja na mvua za El Niño. Rais mpya, John Magufuli, alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza siku hiyo nchi nzima ishike mafagio, na kipindupindu ndicho alichokitaja. Mwaloni kwetu tuliitikia kweli. Tulifagia, tukachoma taka, tukazibua mfereji mkubwa uliokuwa umeziba kwa mifuko ya plastiki tangu sijui lini. Mayu alisugua meza zake kwa majivu na mchanga mpaka mbao zikabadilika rangi.

Nimewahi kufikiria sana juu ya ule mfereji. Ulikuwa umeziba, tukauzibua, ukaanza kutiririka vizuri kuelekea ziwani.

Kwa asiyeijua Mwanza, hapa panahitaji maelezo. Mji umekaa kando ya ziwa la kilomita za mraba karibu 69,000, na bado kuna wiki ambazo kupata ndoo ya maji ni kazi ya nusu siku. Maji ya bomba yanachotwa ziwani, yanatibiwa, kisha lazima yasukumwe kupanda vilima vya mawe. Umeme ukikatika au presha ikishuka, wa juu ndio wanaokauka kwanza. Unasimama mlangoni kwako, ziwa lote limetanda mbele ya macho, na dumu lako tupu. Mawe hayohayo ambayo wageni wanayapiga picha ni adui wa choo. Jabali halichimbiki. Vyoo vingi vya milimani ni vifupi, vimejengewa kwa juu, vinajaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kupanda ngazi za mawe. Mvua kubwa ikipiga usiku wapo wanaotapisha choo: wanafungua tundu la chini, maji ya mvua yanabeba. Kilichotapishwa kinashuka na mifereji na vijito, kingine kinaingia Mto Mirongo unaokatiza mjini, na chote mwisho wake ni ziwani. Asubuhi kila mtu anajua kilichopita usiku, na hakuna anayekitaja kwa sababu hakuna mwenye uhakika kwamba yeye wiki ijayo hatafanya vilevile.

Sasa kibanda. Mabati manne, turubai, benchi mbili, majiko mawili ya kuni. Asubuhi chai na mihogo, mchana ugali na wali, dagaa, sato akipatikana kwa bei nzuri, na kachumbari ya nyanya na vitunguu ambayo ndiyo iliyomfanya awashinde wenzake. Wateja wake walikuwa makuli wa magunia ya dagaa, mafundi mitumbwi, akina mama waanikaji, na wavuvi waliosubiri jua lizame watoke na karabai. Nyuma ya kibanda kulikuwa na pipa la bluu ambalo kijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, alilijaza kila alfajiri kwa madumu matano. Juu ya meza, jagi la plastiki la kijani na vikombe viwili. Mteja akimaliza kula anajimiminia, anakunywa, anamwachia mwenzake kikombe. Maji hayo yalikuwa ya bure, na kwa mtu aliyebeba magunia tangu saa kumi na moja alfajiri yalikuwa na uzito kuliko hata mboga.

Alhamisi ya Desemba 10 bomba la mwaloni lilikata. Kukatika halikuwa jambo geni, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Jumamosi usiku kuli mmoja, kijana mwenye mwili wake, alianza kuharisha akiwa kwenye chumba alichopanga na wenzake watatu. Neno kipindupindu halikutajwa. Watu walisema "tumbo", au "lile tumbo", huku wameshusha sauti. Wenzake walimnunulia Flagyl duka la dawa, wakampa na soda. Kufikia alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani, sauti imekauka, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Wakampakata kwenye bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma, wakampeleka kambini, kwenye kambi ya kutibu kipindupindu.

Hapa niseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, maana ndipo wengi wanapoteleza. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Asipotibiwa, nusu ya waliozidiwa hivyo wanaweza kufa. Akiwahishwa, vifo havifiki hata mmoja katika mia. Tiba yenyewe ni kurudisha maji na chumvi: mtu wa kilo 60 aliyezidiwa anaingiziwa kama lita sita kwa njia ya mshipa ndani ya saa tatu, na anayeweza kunywa anapewa ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Hata nyumbani, wakati usafiri unatafutwa, lita moja ya maji salama yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi ingemsaidia kuliko ile soda. Yule kuli alilala kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, akamaliza dripu nyingi kuliko alizowahi kuziona maishani, na siku ya tatu akatoka kwa miguu yake. Nyumbani walikuwa wameshaanza kuulizana nauli ya kumsafirisha marehemu Geita.

Hadi Jumanne wagonjwa wa eneo letu waliopokelewa kambini walikuwa saba. Kila mgonjwa aliulizwa amekula wapi. Watano walitaja kibanda cha Mayu.

Jumanne hiyohiyo jioni nikapewa kipaza sauti. Vibanda vyote vya chakula, matunda yaliyokatwa, juisi na miwa: marufuku hadi hapo itakapotangazwa tena. Desemba ni msimu wa embe, na wauza embe walikimbia na beseni zao kichwani huku embe zikidondoka njiani. Bwana afya na mgambo walipita wakizima moto. Kwa Mayu walimwaga sufuria la wali mbele ya watu. Hakubishana. Aliniangalia mimi niliyeshika kipaza sauti, mimi niliyekuwa nakula kwake kwa mkopo wa mwisho wa mwezi, akasema taratibu, "Haya, mwanangu."

Sitaki kumfanya bwana afya kuwa mtu mbaya wa kisa hiki, maana hakuwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka ya kufunga mahali panapohatarisha watu, naye alikuwa na pikipiki moja, wasaidizi wawili na simu isiyokoma kulia. Vibanda thelathini unaweza kuvifunga mchana mmoja. Ziwa hulifungi. Mtu aliyebanwa vile anashika kinachoshikika, na mama lishe anashikika: ana mahali pake, ana moshi unaomwonyesha kutoka mbali, na jioni unamkuta palepale ulipomwacha asubuhi.

Lakini tuangalie amri ilifanya nini. Makuli hawakuacha kusikia njaa. Mayu alikuwa na rejesho la kikoba kila Jumatatu, na kikoba hakikutangaziwa mlipuko. Siku ya tatu alianza kupika nyumbani, juu mlimani, saa tisa usiku. Binti yake akashuka na hotipoti mbili na ndoo ya wali yenye kifuniko, wakauza nyuma ya shehena ya magunia, wima, haraka, jicho moja likiwa barabarani. Wali uliopikwa saa tisa usiku ukaliwa saa sita mchana. Kibandani kulikuwa na maji ya kunawa na sabuni. Nyuma ya magunia hakukuwa na kitu, kwa sababu ndoo ya kunawia ingewafichua. Sahani zilisuuzwa kwenye beseni moja mpaka maji yakawa mchuzi. Mdudu wa kipindupindu hapendi moto, lakini wali uliopoa na kukaa saa nyingi ni nyumba nzuri kwake. Kwa hiyo chakula ambacho wiki iliyopita kilitoka jikoni kikiunguza midomo, sasa kilikuwa kimegeuka kile hasa tulichokuwa tunakiogopa. Nami nililiona hilo kwa macho yangu, nikanunua sahani, nikanyamaza.

Guta lile liliendelea kupita kama kawaida. Maji hayakuwa kwenye tangazo.

Aliyenifungua macho ni Mayu mwenyewe. Nilipanda kwake Ijumaa jioni, nikidai naenda kugawa vidonge. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Kisha akaniuliza, "Wewe umekula kwangu mwaka mzima. Umeugua?"

"Hapana, mayu."

"Unakula nini?"

"Ugali na dagaa."

"Na maji?"

Nikakumbuka kwamba sinywi maji kwake. Tangu nianze ile kazi nilikuwa natembea na chupa yangu, kwa kujionyesha zaidi kuliko kwa hekima.

"Sasa nenda kawaulize waliougua walikunywa nini," akasema. "Mmewauliza walikula wapi. Kila mtu mwaloni anakula kwangu. Hata mgonjwa wa meno angesema alikula kwangu."

Sentensi hiyo ya mwisho ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha dharura. Kama watu karibu wote wa mwaloni wanakula kwa mtu mmoja, basi wagonjwa wengi kumtaja hakuthibitishi lolote. Swali lenye maana ni lile la kulinganisha: wagonjwa walifanya nini ambacho wazima waliokula benchi lilelile hawakukifanya?

Nikarudi kwa wale saba, mmoja mmoja; wengine walikuwa wameshatoka kambini. Watano wa kibandani wote walikunywa maji ya jagi, na watatu kati yao walikumbuka kachumbari. Kisha nikawatafuta wazima. Fundi mitumbwi anayekula pale kila siku hunywa chai tu, asubuhi na mchana. Wale wanaodai hawashibi bila soda hawakuugua. Ila wapo pia waliokunywa jagi lile na hawakuugua, na hili lisimchanganye mtu: wengi wanaoingiwa na mdudu huyu hawaoni dalili kubwa, ingawa chooni wanaendelea kumtoa.

Wawili waliobaki ndio waliomaliza mjadala kichwani mwangu. Mmoja alikuwa msusi, mwingine mzee mshona viatu. Hawajawahi kukaa kwenye benchi la Mayu. Msusi anakula kwao. Mzee analetewa chakula na mjukuu. Nikawauliza maji wanapata wapi. Wote wawili wakanionyesha kwa kidevu upande wa barabara, kule guta linakopita.

Kijana wa guta hakujificha wala hakuzunguka. "Dokta, bomba lilikata Alhamisi," akaniambia, maana mwenye mfuko wa vidonge kule ni dokta tu. "Wateja wanataka maji. Nikachota ziwani, pale mitumbwi inapofungwa, mbali na mfereji kidogo."

"Uliwaambia?"

"Hakuna anayeniuliza yametoka wapi. Wananiuliza bei."

Mbali na mfereji kidogo ilikuwa hatua kama arobaini. Nilizihesabu. Ulikuwa ni ule mfereji tuliouzibua siku ya Uhuru.

Je, huo ni ushahidi? Maji ya guta hayakupelekwa maabara, na bomba liliporudi wiki iliyofuata hata sampuli yenyewe haikuwapo tena. Lakini ukizipanga siku zinakubaliana: dalili hutokea kati ya saa 12 na siku tano baada ya kuambukizwa, maji yalianza kuchotwa ziwani Alhamisi, na mgonjwa wa kwanza alianguka Jumamosi usiku. Wagonjwa wote saba wanakutana kwenye dumu, na ni watano tu wanaokutana kwenye sahani. Kwa uamuzi wa mtaa, wa kuamua leo nifunge nini na nifungue nini, mimi naona ulitosha kabisa.

Nilimpelekea bwana afya maelezo haya kwenye karatasi mbili za daftari. Alizisoma akiwa juu ya pikipiki. Kwanza alisema amri ni ya juu, si yake. Kisha akauliza guta ni mangapi pale. Manne, nikamwambia. Akakaa kimya, akauliza kama Mayu bado anapika. Nikasita. Akacheka: "Nimeshakula mimi mwenyewe nyuma ya magunia. Wali wa baridi."

Siku mbili baada ya Krismasi, biashara ya sikukuu ikiwa imeshapotea, vibanda vilifunguliwa kwa masharti. Pipa liwe na kifuniko na bomba, mtu asichovye chombo. Maji ya kunywa yatiwe dawa: kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, na kama maji ni ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na vidonge viwe viwili, kisha yasubiri nusu saa. Kachumbari mbichi hapana. Chakula kitoke motoni kwenda sahanini. Mayu alikubali yote isipokuwa la kachumbari, ambalo lilimuuma. Akatengeneza pilipili ya kupika na nyanya, na wapo waliosema ni tamu kuliko ile ya zamani, ingawa nadhani walikuwa wanamfariji.

Jagi la kijani aliliondoa mwenyewe. Badala yake akaweka ndoo yenye bomba na vikombe sita, na beseni la kuvisuuzia lenye maji ya dawa. Malalamiko yakaanza siku ileile. Maji yananuka. Maji yanaharibu ladha ya samaki. Fundi mmoja alidai yanapunguza nguvu za kiume, na hilo lilisambaa kuliko tangazo langu lolote. Mayu hakuwahubiria. Alimimina kikombe, akanywa chote mbele yao, akamwambia yule fundi kwamba yeye ana watoto saba na hahitaji wa nane, kwa hiyo maji hayo yanamfaa. Benchi zima likacheka, na tangu siku hiyo harufu ya klorini ikawa jambo la utani. Mimi mwenye fulana ya mradi nisingeweza kulifanya lile hata ningepewa mwezi mzima wa semina.

Wateja walirudi polepole. Waliokawia zaidi ni akina mama waanikaji, ambao walikuwa wamemwonea aibu. Walikuwa wamesema maneno wakati ule, na mwaloni hakuna neno lisilofika. Mmoja alikuja kuomba radhi kwa kununua chai ya watu wanne akiwa peke yake.

Lililobaki ni guta. Mwishoni mwa Desemba yule kijana alinifuata kwenye kona, amesimamisha guta lake na madumu kumi na manne. Bomba lilikuwa limekata tena tangu asubuhi. "Dokta, nipe na mimi vidonge," akasema. "Nitatia hapahapa kwenye madumu, wakifika nyumbani yatakuwa yameshaiva."

Nikafungua fomu. Ilikuwa na safu ya jina la mkuu wa kaya, namba ya nyumba, idadi ya watu, idadi ya vidonge. Vidonge viligawiwa kwa kaya, na msimamizi alihesabu fomu dhidi ya maboksi kila Ijumaa. Guta si kaya. Halina namba ya nyumba, na usiku linalala limefungwa kwa mnyororo kwenye mwembe.

Kijana alisubiri, mguu mmoja kwenye pedali.

Nikaandika jina lake kwenye safu ya mkuu wa kaya. Namba ya nyumba nikaandika "mwembe". Idadi ya watu: 14. Ijumaa msimamizi alifika kwenye mstari ule, akaurudia mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akasaini.